Silaha Yenye Macho Haimwondolei Mwanadamu Dhamana

Tangu mwanadamu alipoanza kurusha jiwe hadi leo anaporusha bomu, ameandamwa na masuala mawili. La kwanza: je, ninachokirusha kitafika pale nilipokusudia? La pili: je, kikishafika kitafanya kazi niliyokituma, kwa wakati ule nilioutaka? Suala la kwanza ni la shabaha. La pili ni la fyuzi, yaani kile kifaa kidogo kinachokaa katika bomu na kuamua ni lini baruti iwake. Viwanda vya silaha vya mataifa makubwa vimeyajibu masuala yote mawili kwa kutengeneza bomu zito la mota linaloongozwa na mwali wa leza. Bomu hilo lina jicho la kuonea, mabawa ya kujirekebisha na fyuzi yenye kufuata amri.

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza: habari hizi zinatuhusu nini sisi? Jibu ni kwamba zinatuhusu sana. Jeshi la Wananchi wa Tanzania ni jeshi la Muungano. Vijana wa visiwani huvuka bahari kwenda kusomea uafisa katika chuo cha kijeshi cha Monduli, magharibi ya Mlima Meru. Kutoka huko baadhi yao wamepelekwa Kongo ya Mashariki kulinda amani, na wako waliorejea wakiwa ndani ya majeneza. Aidha mjini Arusha, chini ya mlima huo huo, zimekaa mahakama zilizoulizana kwa miaka mingi ni nani wa kujibu pale silaha inapomwangukia asiye na hatia. Kwa hiyo chini ya Meru yanakutana mambo mawili: elimu ya kutumia silaha na elimu ya kuitolea hesabu. Yafaa tuyatazame yote mawili kwa pamoja.

MOTA NI SILAHA YA NAMNA GANI

Mota ni bomba la chuma lililokalishwa juu ya sahani nzito na kushikiliwa na miguu miwili. Bomu hutumbukizwa kwa mdomo wa bomba, likateleza hadi chini, likagonga pini. Baruti ya mkiani ikawaka, nalo likapaa juu sana kabla ya kuanguka karibu wima. Kwa sababu ya kuanguka hivyo, mota humfikia adui aliyejificha nyuma ya kilima au ndani ya handaki, mahali ambapo risasi ya bunduki haina njia. Mota nyepesi hubebwa na askari wanaokwenda kwa miguu. Mota nzito ni ile ya milimita 120 na kuendelea. Bomu la milimita 120 lina uzito wa kilo 13 hadi 16 hivi, na huweza kwenda umbali wa kilomita 7 hivi. Warusi waliunda mota ya milimita 240 ambayo bomu lake la kawaida hufika kilo 130, uzito unaopita wa gunia zima la mchele.

Nguvu ya mota ni kubwa, lakini kasoro yake ya siku zote ni shabaha. Bomu likiwa angani husukumwa na upepo. Baruti ikiwa na unyevu au joto hubadilisha mwendo wake. Sahani ikititia katika udongo laini, bomba huinama bila ya mpigaji kujua. Jeshi la Marekani lilipopeleka Afghanistan mwaka 2011 bomu la mota la milimita 120 lenye kuongozwa kwa setilaiti, lilieleza kuwa bomu la kawaida likirushwa umbali wake wa mwisho, nusu tu ya mabomu ndiyo huangukia ndani ya mita 136 kutoka kwenye shabaha. Nusu nyingine huangukia mbali zaidi ya hapo. Umbali huo unapita urefu wa uwanja wa mpira. Katika nyika tupu tofauti hiyo ni ya kupoteza baruti. Katika kijiji au soko ni tofauti baina ya ngome ya adui na skuli ya watoto.

Ndipo wataalamu wakatafuta njia ya kulipa bomu macho. Warusi waliunda bomu la milimita 240 liitwalo Smelchak, wakalitumia Afghanistan katika miaka ya 1980. Wamarekani nao waliunda kombora la mzinga la milimita 155 liitwalo Copperhead, wakalitumia katika vita vya Ghuba mwaka 1991. Mwaka 2021 Israel ilitangaza bomu la mota la milimita 120 liitwalo Iron Sting, linaloongozwa kwa leza na pia kwa setilaiti, na mwezi Oktoba 2023 likatumika Gaza. Basi silaha hii si ndoto ya wasomi, na wala haipo Ulaya peke yake.

JICHO LILIANZIA RUFIJI

Wako wanaodhani kwamba fikira ya kuliongoza kombora kwa jicho la mtu aliye mbali na mzinga ni ya juzi. Historia ya pwani yetu inasema vingine. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliivamia bandari ya Unguja na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake. Baada ya hapo Königsberg ikajificha katika delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko, isionekane kutoka baharini.

Waingereza walileta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziingie mtoni. Tarehe 6 Julai 1915 meli hizo zilifyatua makombora zaidi ya 600, na ni machache mno yaliyompata adui. Tatizo halikuwa upungufu wa baruti. Wapigaji hawakuwa wakiona wanachokipiga. Tarehe 11 Julai wakarudi, na ndege iliyotokea kisiwa cha Mafia ikawa juu ya delta, ikipeleka habari kwa simu ya upepo: kombora limeanguka mbali, limeanguka karibu, sogezeni kushoto, sogezeni kulia. Ndege ile ilipigwa, ikaanza kushuka, na hali inashuka mtazamaji wake akaendelea kupeleka masahihisho mpaka ilipoangukia mtoni. Siku ile ile Königsberg ikaangamia. Mmoja wa mizinga yake umewekwa hadi leo katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa, karibu na mzinga wa ile Pegasus iliyozamishwa Unguja.

Leza imefanya kazi ile ile ya mtazamaji wa Rufiji, ila imeifanya kwa upesi zaidi. Askari aliye mbele, au ndege isiyo na rubani, huelekeza kwenye shabaha mwali usioonekana kwa jicho la mwanadamu. Mwali huo hupigapiga kwa mpango maalumu wa siri, mfano wa mlinzi anayebisha hodi kwa namna waliyoafikiana na mwenye nyumba. Nuru inapogonga shabaha hurudi na kutawanyika. Bomu linaposhuka, jicho lililo katika ncha yake huitafuta nuru yenye mpango ule; likiipata, mabawa yake hugeuka kidogo kidogo, au virusha moto vidogo ubavuni hulisukuma, hata liifikie pale mwali ulipo. Bomu halijui kama lililo mbele yake ni kifaru au ni nyumba ya mjane. Linajua mwali tu.

Hata mwali nao una mpaka wake. Wingu zito, moshi, vumbi na ukungu huuzuia. Mwenyeji yeyote wa Arusha anajua kwamba Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, hujitanda mawingu siku nyingi za mwaka, na kwamba masika ukungu hushuka hadi mashamba ya migomba na kahawa. Kaskazini ya Meru, katika mlima Longido, majeshi ya Uingereza yaliwashambulia Wajerumani tarehe 3 Novemba 1914. Walipanda usiku, ukungu wa asubuhi ukawachanganya, na mwisho wa siku wakarudi nyuma walikotoka. Lau kama wangalikuwa na leza siku ile isingaliwafaa kitu. Hili tunalisema ili viongozi wetu wasije wakavutwa na sifa za wauzaji wa silaha, ambao huonyesha picha zilizopigwa siku ya jua kali jangwani.

KIDOGO CHENYE AMRI

Sasa tuje kwenye fyuzi. Katika bomu lenye uzito wa kilo 15, fyuzi huenda isifike kilo 1. Hata hivyo ndiyo yenye amri. Bila ya fyuzi baruti iliyomo ndani ya bomu ni mzigo mkaidi usiowaka upesi. Fyuzi ina chembe ndogo ya kemikali kali inayowaka kwa kugongwa. Chembe hiyo huwasha nyingine kubwa zaidi, na hiyo ya pili ndiyo huwasha baruti yote.

Fyuzi hutakiwa itimize mambo mawili yanayopingana. Isilipuke kabisa inapokuwa ghalani, garini, mkononi mwa askari na ndani ya bomba. Na isikose kabisa kulipuka inapofika. Kwa ajili hiyo mafundi huifunga kwa kufuli zaidi ya moja. Kufuli ya kwanza ni pini inayoondolewa na askari kwa mkono wake. Kufuli nyingine hufunguka kwa kishindo cha kurushwa, kishindo ambacho bomu lililoanguka tu kutoka garini halipaswi kukipata. Nyingine huchelewesha kufunguka mpaka bomu liwe limeondoka mbali na wale waliolirusha. Muda wote huo ile chembe kali huwa imewekwa kando ya njia yake. Kufuli zikishafunguka zote, ndipo inaposogea na kukaa mahali pake. Tangu dakika hiyo bomu limekuwa hai.

Kisha hufuata suala la wakati. Fyuzi nyingine huwaka papo hapo bomu linapogusa ardhi. Nyingine husubiri sehemu ndogo ya nukta ili bomu lipenye dari au udongo kwanza. Nyingine hutoa mawimbi ya redio na kuliwasha bomu likiwa bado juu ya vichwa vya watu. Hiyo ilianza kutumika katika Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1943. Katika bomu la leza, kwa kuwa ncha imechukuliwa na jicho, fyuzi mara nyingi huwekwa nyuma yake, na mpigaji huchagua kabla ya kurusha ni tabia ipi anayoitaka. Uchaguzi huo ndio unaoamua kama ukuta utatobolewa au kama vipande vya chuma vitatawanyika uwanja mzima. Kwa hiyo si kweli kwamba bomu lenye shabaha nzuri ni lenye huruma. Linaweza kuangukia pale pale lilipoelekezwa, na fyuzi iliyochaguliwa bila ya kufikiri ikawaua waliokuwa mita 40 kutoka hapo.

Hatari kubwa zaidi ni ya fyuzi iliyoshindwa. Bomu lililoanguka lisilipuke si bomu lililokufa. Limekwishapita kishindo, kufuli zake zimekwishafunguka, na chembe yake kali imekwishakaa mahali pake. Limekwama tu. Linaweza kungoja mwaka mmoja, au likangoja miaka 40, hata lipate mkono wa mtoto. Bomu lisilorushwa bado lina kufuli. Bomu lililorushwa likakwama halina hata moja. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba huu haumpi mtu nafasi ya kuota tende.

Nchi yetu imekwisha kuonja uchungu wa mambo haya. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi huko Mbagala, Dar es Salaam, lililipuka. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, nyumba nyingi zikabomoka, na mabomu yasiyolipuka yakaokotwa katika viwanja vya watu. Hata miaka miwili haijatimia, tarehe 16 Februari 2011, ghala la Gongo la Mboto nalo likalipuka, maelfu ya wananchi wakakimbia usiku na kulala katika Uwanja wa Uhuru, na wazazi wakapotezana na watoto wao. Jirani zetu wa Msumbiji walikwisha kupatwa na msiba kama huo huko Malhazine, Maputo, tarehe 22 Machi 2007, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa. Na tarehe 8 Novemba 2017, katika skuli ya msingi ya Kihinga, wilaya ya Ngara, bomu lililodhaniwa kuwa chuma chakavu lililipuka mikononi mwa wanafunzi, likawaua watoto 5 na kuwajeruhi wengi. Katika misiba yote hii hakuna adui aliyelenga shabaha. Ni chuma na kemikali vilivyokosa uangalizi.

KULENGA SAWASAWA SI KUTENDA HAKI

Wauzaji wa bomu la leza hutuambia kwamba silaha hii ni ya kistaarabu. Hoja yao ina sehemu ya kweli, nasi hatuna sababu ya kuikana. Jeshi likiweza kupiga shabaha kwa mabomu 2 badala ya 60, mabomu 58 hayakuangukia popote, hayakubomoa nyumba ya mtu wala hayakubaki shambani yamekwama. Hiyo ni faida.

Lakini wananchi wa visiwa vyetu wanao ushahidi wa zamani unaotosha kuwazindua. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga kasri ya Unguja kwa muda usiofika dakika 45. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, wakiwamo watumishi waliokuwa kazini mwao. Mizinga ile haikukosa shabaha. Ililenga kasri, ikapiga kasri. Mwezi Oktoba wa mwaka ule ule, huko Akeri chini ya Mlima Meru, wamishenari wawili wa Kilutheri waliuawa, na dola ya Wajerumani ikaleta askari kulipiza kisasi juu ya Wameru na Waarusha, ikachoma nyumba na kuteka mifugo. Hapo pia askari walijua vizuri nyumba wanayoitia moto. Ubeberu haukutushinda kwa kukosa kulenga. Ulitudhulumu hali umelenga vizuri, kwa kuwa aliyetoa amri hakuwaona waliokuwa ndani kuwa ni watu. Leza haitibu maradhi hayo.

Jambo hili wahenga wetu katika dini walilijua kabla ya kuwapo baruti. Sayyidna Abubakar alipolituma jeshi Shamu aliwausia maamiri wake wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wala wasikate mti wenye matunda. Wosia ule uliwekwa juu ya shingo ya amiri, haukuwekwa juu ya mshale.

Sheria ya mataifa ya zama hizi imefika pale pale, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilipita Arusha. Baraza la Usalama liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda tarehe 8 Novemba 1994, nayo ikafanya kazi mjini Arusha mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Mabaki ya kazi yake yakarithiwa na chombo cha Umoja wa Mataifa chenye tawi lake Lakilaki, nje kidogo ya mji huo. Katiba ya mahakama ile ilisema wazi kwamba mkubwa wa jeshi hawezi kujitoa kwa kusema si yeye aliyefyatua. Ikiwa alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba walio chini yake wanatenda uovu, naye hakuwazuia wala kuwaadhibu, basi dhamana ni yake.

Mahakama dada yake ya The Hague, iliyokuwa na chumba kimoja cha rufaa pamoja na ile ya Arusha, ilikutana na suala la mota lenyewe. Tarehe 5 Februari 1994 bomu moja la milimita 120 liliangukia soko la Markale mjini Sarajevo, likaua watu zaidi ya 60. Kwa miaka mingi mabingwa walibishana juu ya bomu hilo moja. Walipima alama zilizochorwa ardhini na vipande vya chuma, wakapima mkia wa bomu uliozama katika lami, wakakisia lilishuka kwa pembe gani na lilitoka kilima kipi. Utetezi ulijaribu kuitumia kasoro ya mota kuwa ni ngao: nani anajua lilitoka wapi, na nani anajua lilikusudiwa nini? Mwishowe jenerali aliyeshitakiwa kwa mashambulio dhidi ya raia wa mji ule alihukumiwa, na mwaka 2006 rufaa ikampa kifungo cha maisha.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo maafisa wetu wanapaswa kulitia moyoni. Bomu lisilo na macho lilimpa mwenyewe udhuru: limepeperuka, upepo umelichukua. Bomu la leza limemnyang'anya udhuru huo. Pale lilipoangukia ndipo lilipoelekezwa, na aliyelielekeza ana jina, ana cheo na ana mkubwa wake. Kadiri silaha inavyozidi kuona, ndivyo mwenye silaha anavyozidi kuonekana.

MAMBO YANAYOTAKIWA KUTENDWA

Tukiyaweka haya yote pamoja, yapo mambo manne ambayo watumishi wa serikali, wa Bara na wa Visiwani, wanaweza kuyatenda bila ya kungoja silaha ya leza ifike ghalani.

Kwanza ni ardhi ya mazoezi. Kaskazini na magharibi ya Meru ni nchi ya wafugaji. Mtoto wa miaka minane huongoza ndama peke yake tangu asubuhi mpaka jioni, na chuma kinachong'aa katika majani humvutia kama kinavyomvutia mtoto wa Mkokotoni au wa Wete. Popote linapofanyika zoezi la kutupa mabomu, kila bomu lililorushwa lihesabiwe na kila lililokwama litafutwe, liharibiwe na kuandikwa. Mipaka iwekwe alama zinazoonekana, na tahadhari itolewe kwa Kimaasai na Kimeru pamoja na Kiswahili. Wenyeji washirikishwe tangu mwanzo. Nchi ya Meru inayo kumbukumbu ya mwaka 1951, wakati serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Mwaka uliofuata walimtuma Kirilo Japhet akaenda kuusemea ulimwengu katika Umoja wa Mataifa. Serikali ya wananchi haipaswi kungoja mpaka wananchi wake wasafiri mbali hivyo ili wasikilizwe.

Pili ni maghala. Baruti na fyuzi huzeeka. Joto na unyevu huila kemikali, na kifaa kilichokuwa salama mwaka wa kwanza huwa si salama mwaka wa 30. Ukaguzi usifanywe kwa kutia saini tu. Tena jukumu si la wanajeshi peke yao. Afisa ardhi anayegawa viwanja kando ya ua wa ghala la silaha, na diwani anayenyamaza huku nyumba zikizidi kusogea, nao wamelisogeza bomu karibu na kitanda cha mtoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa habari ya maghala, kijiji kizima huenda kikahitaji kujengwa upya.

Tatu ni mafunzo skulini na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Watoto wa Kihinga hawakuwa watundu, hawakuwa wamefunzwa. Kila mtoto afundishwe mambo matatu: usiguse, weka alama ya mahali kwa mbali, mwite mtu mzima. Kila mnunuzi wa chuma ajue kwamba kipande chenye mapezi mkiani hakipimwi kwa mizani. Wavuvi wetu nao wanahusika. Uvuvi wa baruti, uliouharibu mwamba mwingi wa matumbawe katika pwani ya Bara, huendeshwa kwa baruti na fataki zilizokusudiwa migodi na barabara. Fataki ya mgodini ni ndugu wa fyuzi: ni ndogo, ni rahisi kuficha mfukoni, na imekwisha kukata mikono ya vijana wengi. Migodi kama ile ya tanzanite huko Mererani, kusini-mashariki ya Arusha, lazima iweke hesabu ya kila fataki, kwani inayopotea mlimani huweza kuibukia baharini.

Nne ni elimu ya maafisa. Kijana anayefunzwa Monduli kupima masafa na pembe afunzwe kwa uzito ule ule sheria zilizoamuliwa umbali mfupi kutoka chuoni kwake. Mwezi Aprili 2024 askari watatu wa Tanzania waliuawa Kongo ya Mashariki baada ya bomu la mota kuangukia karibu na kambi yao. Tuliwalilia, na tulikuwa na haki ya kumlaumu aliyelirusha. Haki hiyo ya kulaumu ina thamani kwa taifa ambalo lenyewe linajua kila bomu lake limekwenda wapi.

Hatusemi haya kwa kuwa ni taifa lililoshindwa. Morogoro, katika nchi hii hii, panya hufunzwa kunusa baruti iliyofukiwa ardhini na shirika la APOPO. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya kutegwa na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Mnyama mdogo aliyezaliwa Tanzania amewafaa watu wa mbali kwa pua yake, kwa sababu wapo Watanzania waliokaa naye kwa subira siku baada ya siku. Subira ya namna hiyo ndiyo inayotakiwa katika ghala, katika uwanja wa mazoezi na katika darasa.

Mataifa yenye viwanda yataendelea kutengeneza mabomu yenye macho makali zaidi. Hatuna uwezo wa kuyazuia, na huenda siku moja usalama wa nchi ukatulazimisha kuwa nayo. Lakini jicho la bomu ni la kioo. Huona pale linapoelekezwa, halioni lililo haki. Fyuzi nayo hutii aliyeifunga na aliyeipuuza bila ya kubagua. Kazi ya kuona na kuchagua imebaki pale ilipokuwa tangu zamani, kwa mwanadamu aliyekabidhiwa amana. Afisa wa jeshi, afisa ardhi, mwalimu na mkaguzi wa ghala, kila mmoja kwa nafasi yake, ndiye atakayeulizwa.